Adriano Atiman, Daktari wa Karema

Msafiri atokaye Isaka kwenda Kahama hupita Kagongwa, na hapo husikia ngurumo za mashine za kukoboa mpunga kabla hajaziona nyumba vizuri. Magunia yamepangwa, malori yapakiwa, mengine yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo. Ni mji wa watu wachapakazi, na hatuna haja ya kuwasifu zaidi, kwani mchele wao wawasifu mezani katika nchi nzima. Lakini watu hao hao wajua vizuri kuliko wengi jinsi mali na uhai vinavyoweza kuondoka katika usiku mmoja. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kijiji cha Mwakata, kisicho mbali na Kagongwa, ilishuka mvua ya mawe pamoja na upepo mkali. Kuta za udongo zikawaangukia watu waliokuwa wamelala, wakafariki zaidi ya 40, wakubwa kwa watoto. Mwezi Oktoba wa mwaka ule ule, huko Nyangarata, katika wilaya ile ile ya Kahama, shimo la dhahabu liliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Ndugu zao walikwisha kukata tamaa, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, nao walikuwa wameishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Mwenzao mmoja alifia humo chini gizani.

Tumewahi kuketi katika matanga ya namna hiyo, na wasomaji wetu wengi vile vile. Siku ya kwanza watu husali rozari. Siku ya pili mmoja huuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeyaleta haya. Siku ya tatu wengine huondoka kimya kimya kwenda kwa mpiga ramli, na baadhi yao ni watu waliobatizwa, waliofunga ndoa kanisani, wanaojulikana katika jumuiya. Na mpiga ramli, kwa kuwa amelipwa ili ataje mtu, hutaja mtu. Katika nchi ya Usukuma tumeyaona matunda yake: bibi vizee wameuawa kwa mapanga katika nyumba zao, kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Mtu yeyote aliyewahi kupika kwa kuni au kwa samadi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha ajua macho hayo yametoka wapi.

Kwa hiyo leo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wapenzi maisha ya mtu mmoja aliyepatwa na msiba wa ghafula akiwa bado mtoto mdogo, msiba mkubwa kuliko wa wengi wetu, wala hakupata kamwe kujibiwa kwa nini ulimpata yeye. Wazee wa Ufipa na wa mwambao wa Ziwa Tanganyika walimjua kwa sura. Vijana wa siku hizi wajua jina tu, na pengine hata jina hawalijui.

Adriano Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, penye kona kubwa ya mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Hakuwa na jina la Adriano wakati huo, wala wazazi wake hawakuwa Wakristu. Alikuwa mtoto kama watoto wengine wa kando ya mto. Kisha wakaja watekaji wa watumwa, wakamchukua. Mambo haya twaweza kuyasema kwa maneno machache, nasi twaogopa kuyasema kwa maneno mengi, maana mzazi asomaye anao watoto wa umri ule ule chini ya paa lake. Asubuhi mtoto alikuwa na baba na mama. Jioni alikuwa bidhaa. Hakuwaona tena wazazi wake. Kama waliishi miaka mingi baadaye au walikufa mapema, kama walimtafuta, kama walimlilia mpaka uzeeni, yote hayo yalibaki upande ule mwingine wa jangwa.

Alivushwa jangwa la Sahara. Anayetaka kuelewa safari hiyo na afikirie njia kutoka Kagongwa mpaka Dar es Salaam, kisha airudie, na bado hajaufikia urefu wake. Na njiani hamna mvule wala kisima, ila kwa mwendo wa siku nyingi. Misafara ya watumwa ilipita huko kwa mamia ya miaka, na njia zake zilijulikana kwa mifupa. Atiman alifika ng'ambo akiwa hai, katika nchi ya Algeria, ambako watoto weusi bado waliuzwa kwa siri ijapokuwa sheria ya Wafaransa ilikwisha kukataza. Huko alionekana na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868, nao wakamnunua ili kumpa uhuru.

Neno kununua halitupendezi, wala halikuwapendeza Mapadre wenyewe. Kulikuwa na watu tangu zamani, na wangali wapo, waliosema kwamba kumlipa mwizi ni kumpa moyo wa kuiba tena. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyesimama sokoni mbele ya mtoto mmoja, akiwa na fedha mfukoni, hakuwa na nafasi ya kungoja mpaka dunia nzima itengenezwe. Twaona kwamba walifanya vema. Twaona pia kwamba mtoto aliyekombolewa namna hiyo alikuwa bado hajachagua neno lo lote katika maisha yake. Alitekwa bila kuulizwa, akauzwa bila kuulizwa, akakombolewa bila kuulizwa. Kitu cha kwanza kabisa alichoweza kukubali au kukataa mwenyewe kilikuwa imani.

Naye aliikubali. Mapadre walimfundisha dini na kusoma, akabatizwa kwa jina la Adriano. Tungependa msomaji atue kidogo hapa. Mtoto huyu alikuwa na sababu zote za kumchukia Mungu, au za kusema kwamba Mungu hayuko, au kwamba yuko kwa ajili ya watu wengine. Wapo watu wazima kati yetu walioacha Misa kwa sababu mpunga ulikauka mwaka mmoja, au kwa sababu mtoto alishindwa mtihani. Hatuwacheki, uchungu wa mtu ni wake. Twasema tu kwamba Atiman, aliyepoteza baba, mama, mto, lugha na jina, alifundishwa habari za Baba aliye mbinguni, na hakulitupa neno hilo.

Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882, alikuwa na shauri kubwa. Aliona wamisionari wa Ulaya wakifa kwa homa katika nchi za maziwa makuu, na wagonjwa wakifa bila dawa. Akaona afadhali kuwatafuta vijana Waafrika waliokombolewa katika utumwa, kuwasomesha udaktari, kisha kuwapeleka bara wakiwa madaktari na makatekista kwa pamoja. Akaweka nyumba yao katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, wapate kusoma katika chuo kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao. Kardinali alitaka vijana wale wabaki Waafrika kwa chakula, kwa mavazi na kwa makao, wasije wakajitenga na watu watakaowahudumia. Wengine watasema labda aliwanyima heshima ya Kizungu. Sisi twadhani aliona mbali, ingawa twakiri kwamba ni rahisi kumwagiza mwingine aishi kimaskini.

Nyumba ile ya Malta haikudumu hata miaka 20. Wanafunzi walikuwa wachache, gharama nyingi, na Kardinali mwenyewe alifariki mwaka 1892. Ukihesabu kwa hesabu ya mfanya biashara, shauri lile lilishindwa. Ukihesabu kwa hesabu ya watu wa Karema, hungelisema hivyo.

Mwaka 1888 Atiman alimaliza masomo yake, akapelekwa Afrika ya Mashariki. Mwaka huo huo pwani yetu iliwaka vita, Abushiri na wenzake wakipigana na Wadachi, na njia za bara zikawa za hatari. Kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa anaingia nchi ambayo hakupata kuiona, yenye lugha asiyoijua, umbali mkubwa mno kutoka mto wa kwao. Watu humwona Mwafrika akienda Afrika, wakadhani amerudi nyumbani. Kutoka Tundurma mpaka Karema ni mbali kuliko kutoka Karema mpaka Ulaya kwa fikira za mtu wa siku zile. Alikuwa mgeni kwa Wafipa na kwa Wabende kama vile Mfaransa alivyokuwa mgeni.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema ni mahali palipo kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, ambapo Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879 na kuwaachia Mapadre mwaka 1885. Boma likawa misioni, na kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawahifadhi yatima, wajane na watumwa waliotoroka. Kwani ziwani biashara ya watumwa ilikuwa bado hai. Watu wa Rumaliza wa Ujiji walikuwa wakivamia mwambao, na ng'ambo ya pili ya ziwa Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa akiwalinda watu wa Mpala na jirani zao kwa silaha. Basi fikirini, wasomaji, ni nani aliyewekwa kuwapokea watoto waliofika Karema na majeraha ya kamba shingoni. Alikuwa mtu aliyewahi kuwa kama wao. Daktari mwingine angaliweza kuosha jeraha lile lile kwa dawa ile ile, lakini asingejua mtoto yule anaota nini usiku.

Misiba haikumngoja azoee nchi. Askofu Bridoux, aliyefika katika vikarieti ile ya Tanganyika mwanzoni mwa mwaka 1889, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1890. Wamisionari walizikwa mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakiwa vijana. Nchi nayo ilipigwa kwa zamu: sotoka iliyowaua ng'ombe katika miaka ya 1890, funza waliotoka magharibi na kuwalemaza watu wasiojua jinsi ya kuwatoa, ndui, njaa, kisha malale yaliyoondoa watu katika vijiji vya mwambao mwanzoni mwa karne ya 20. Hata Vita Kuu ya kwanza haikulisahau ziwa lile la mbali. Meli za Wadachi, Waingereza na Wabelgiji zilipigana humo miaka ya 1915 na 1916. Baada ya vita ikaja ile homa kali ya mwaka 1918 iliyozunguka dunia nzima. Katika miaka hiyo yote Karema ilikuwa na askofu, Mhashamu Lechaptois, aliyefariki hapo mwaka 1917, na ilikuwa na daktari, Adriano Atiman.

Yafaa tukumbuke maana ya kuwa daktari mahali pale wakati ule. Hapakuwa na barabara ya gari wala simu. Dawa zilitoka pwani kwa vichwa vya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, babu zao wasomaji wetu wa Tabora na Shinyanga, na mara nyingine zilichelewa miezi. Hapakuwa na daktari mwingine wa kumwuliza shauri. Mgonjwa aliyefia mikononi mwake alikuwa ndugu wa watu wote wa kijiji, na kesho yake ilimpasa daktari kupita katikati yao. Mganga wa ramli akishindwa, humtaja mchawi, na lawama huondoka kwake. Atiman hakuwa na mlango huo wa kutorokea. Mgonjwa alipokufa, hakuwa na jirani wa kumshtaki. Alikuwa katekista, jioni ilimbidi aketi na watu wale wale awafundishe kwamba Mungu ni mwema.

Hapo ndipo tuonapo ugumu wa imani yake, kuliko hata katika jangwa la Sahara. Msiba mmoja mkubwa mtu huweza kuustahimili kwa nguvu za ujana, na watu humwonea huruma. Lakini kusimama miaka 67 mbele ya mlango ambao kila asubuhi waja wagonjwa, na kuwapoteza wengi, na kufungua tena kesho yake, hiyo ni kazi nyingine. Miaka 67! Alifika nchi ikiwa inabishaniwa na Wadachi na watu wa Sultani. Akawaona Wadachi wakitawala na kuondoka. Akawaona Waingereza wakija na kuzeeka. Hakuhama. Angeweza kuomba kurudi kwao Niger, ambako biashara ya watumwa ilikwisha kukomeshwa, akawatafute jamaa. Alibaki Karema.

Alikuwa mtu wa ndoa, na jambo hilo twalipenda, maana familia husoma maisha ya watu watakatifu na kudhani kwamba yote hutendeka katika konventi. Alimwoa Agnes, wakajenga nyumba kama watu wengine. Mtu aliyenyang'anywa nyumba akiwa mtoto alipata kuwa baba wa nyumba. Mwanawe Yosefu aliingia seminari, akapewa upadre mwaka 1923. Ni miaka sita tu ilikuwa imepita tangu mapadre Waafrika wa kwanza wa nchi hii walipowekewa mikono huko Bukoba mwaka 1917. Twajua wazee hupenda kusimulia siku ya Misa ya kwanza ya mtoto wao, wakitaja idadi ya mbuzi na ya wageni. Kwa Atiman siku ile lazima ilikuwa na mgeni mmoja asiyeonekana: yule mtoto aliyevushwa jangwani, aliyedhaniwa kuwa amekatwa na ukoo wake milele, akipiga magoti sasa kupokea baraka ya kipadre kutoka katika mikono ya mwanawe mwenyewe.

Uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa ufupi, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililosomwa zaidi na mabwana wa serikali na wataalamu. Ni jambo jema kwamba alisimulia mwenyewe, kwani watumwa wengi walisimuliwa na wengine, na wengi zaidi hawakusimuliwa kabisa. Karibu wakati ule ule, katika mji wa Schio nchini Italia, alikuwa akiishi sista mzee kutoka Sudan, Yosefina Bakhita, aliyezaliwa mnamo mwaka 1869 na kutekwa vivyo hivyo utotoni. Alifariki mwaka 1947, na Kanisa likamtangaza Mtakatifu mwaka 2000. Wawili hawa walikuwa karibu wa rika moja. Mmoja alipelekwa kaskazini akabaki huko, mwingine akarudishwa kusini. Atiman hakutangazwa hivyo, wala sisi si watu wa kutangulia hukumu ya Kanisa. Ila twasikitika kidogo kuona Wakristu wetu wakimjua yule wa Ulaya na kumsahau yule aliyezikwa katika udongo wao.

Tumeulizwa na msomaji mmoja wa upande wa Kahama, mama aliyefiwa, kama kuwa na imani ni kutolia. Hatukumjibu upesi. Maisha ya Atiman hayaonyeshi mtu asiyelia. Yaonyesha mtu ambaye hakumtafuta jirani wa kulipa kwa machozi yake. Watekaji wake walikuwa na majina na nyuso. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyemtenda hivi, ni yeye, na jibu lingalikuwa la kweli, si la ramli. Hata hivyo hakuutumia umri wake mrefu kuwindana nao. Aliwatibu wote waliofika mlangoni, Wakristu, Waislamu na wasio na dini, na kama kati yao walikuwamo waliowahi kushika kamba za watumwa, hakuna aliyefukuzwa kwa ajili hiyo.

Kwa familia ya Kagongwa, au ya Kakola, au ya Geita, ambayo usiku wa leo imepata habari kwamba shimo limeanguka, mambo haya hayaletei mwana wao. Tungekuwa waongo kusema vingine. Jirani na aende akakae nao. Wanaume na waende shimoni na majembe, kwani wale wa Nyangarata walitolewa na watu waliosikia sauti chini ya mawe wakachimba. Padre na aitwe, na katekista asingoje kuitwa. Wala pasiwe na mtu wa kuwanong'oneza siku ya tatu jina la mganga. Na akiwapo, mwenye nyumba ana haki ya kumfungulia mlango atoke.

Adriano Atiman alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka ipatayo 90. Jijini Dar es Salaam Mapadre Weupe, wanaoitwa sasa Wamisionari wa Afrika, wanayo nyumba yenye jina lake, Atiman House. Maelfu ya watu hupita mbele yake kila siku, na kati yao wamo wafanya biashara wa Kagongwa wafuatao bei ya mchele wao. Jina limeandikwa mlangoni.